Saa ya Ukumbi wa Tatu

Kazi yangu ni taa, vipaza sauti na ngazi.
Jina langu Ottavio; halimo katika kumbukumbu za kikao.
Miaka kumi na tisa nimo katika jengo hili la Roma,
najua kiti gani hulia
na mjumbe gani hulala macho wazi.

Usiku wa mwisho, saa sita kasoro dakika tano,
mwenyekiti aliniashiria kwa kidole.
Nikapanda ngazi, nikafungua kioo cha saa ya ukutani,
nikatoa betri.
Mkataba sharti ufungwe kabla siku haijaisha;
basi siku isiishe.
Ndivyo wafanyavyo wakubwa: wakishindwa kuuwahi muda,
huukamata wakauweka ndani.

Neno lililobaki lilikuwa moja: haraka.
Nafaka ipelekwe haraka, walitaka hawa.
Kadiri hali itakavyoruhusu, walitaka wale.
Wakalifungia kwenye mabano,
likakaa humo kama mshitakiwa kizimbani,
kila mtu analitaja, hakuna anayelitazama usoni.
Mmoja akasema kwa tabasamu kuwa haraka haina baraka.
Waliosema hivyo zamani
nadhani walikuwa wameshakula.

Mama wa nchi yenye ngano hadi upeo wa macho
alieleza, kwa upole sana, kwamba neno hilo lina gharama.
Mwingine akasema bandari ni suala la usalama.
Wa tatu aliomba dakika tano awasiliane na serikali yake,
akarudi na chokoleti.

Qasim al-Hubayshi alinifuata nyuma ya vibanda vya wakalimani
kuomba waya wa kuchaji simu.
Dada yake yuko Hudaida.
"Nimemuuliza unga umefika bei gani," aliniambia.
"Amesema bei ni swali la mwaka jana."
Meli imetia nanga, dada anaiona kutoka darini,
siku ya kumi na saba leo, inangoja karatasi.
Usiku huwaka taa zake zote.
Watoto wamezipa majina, taa moja moja.

Sikuwa na la kumjibu. Nikampa waya.

Bibi yangu Ersilia alipandikiza mpunga mashamba ya Vercelli,
mgongo umepinda, ruba miguuni, maji magotini,
kwa fedha kidogo na kilo moja ya mchele kwa siku.
Ule mchele haukuitwa msaada.
Ukimwagika, aliokota punje baada ya punje
na hakuna aliyethubutu kumwambia acha, zimebaki chache.

Saa nane, ingawa ukutani ilikuwa bado sita kasoro tano,
waliletewa mikate yenye jibini.
Nilizoa sinia nne zilizobaki.
Kanuni ya afya inasema vitupwe,
nami nimetia sahihi fomu hiyo mara zisizo idadi.
Usiku ule mikate mitatu iliingia kwenye koti langu.
Isichukuliwe kuwa ni siasa.
Nilikuwa na njaa.

Saa kumi na dakika ishirini, makofi.
Haraka limetolewa kwenye mabano
na kwenye ukurasa pia.
Walikumbatiana, tai zimelegea, wengine machozi kweli;
walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka
huona kumaliza ni kufanikiwa.

Nikapanda tena na betri yangu.
Nikausukuma mshale kwa kidole,
saa saba, saa nane, saa tisa,
nikizipitisha moja moja
kama mtu anayevusha magendo mpakani.

Nilipotazama chini, Qasim alikuwa ameishika ngazi isiteleze.
Saa yake ya mkono ilifuata majira ya Hudaida;
hiyo haikusimama hata nukta.
Nikashuka, nikampa mkate mmoja, akaugeuza geuza bila kuula.

"Zile taa," akasema,
"yule mdogo ameishiwa na majina."